Kitabu Nilichomchagulia Kantibhai

Siku yangu ya kwanza kazini sikuuza kitabu hata kimoja. Meneja wa duka, mzee mrefu wa Kizaramo aliyening'iniza miwani shingoni kwa kamba ya kiatu, alinipa kitambaa cha kufutia vumbi, akanipeleka kwenye rafu ya mwisho kabisa, karibu na stoo. "Binti, futa," akasema. "Na kila unachokifuta, kifungue. Jioni nitakuuliza."

Nilidhani ni mzaha wa kumkaribisha mgeni. Jioni akaniuliza kweli. Nikamtajia nilivyoweza: hiki chekundu, hiki kina picha ya mwanamke, hiki kinene kama tofali. Akacheka mpaka akavaa miwani ili anione vizuri.

"Umekuja kuuza vitenge?" akaniuliza. "Sikiliza. Muuza vitabu ni mshenga. Unampelekea mtu mwenzake wa kukaa naye ndani. Mshenga akimsifia binti asiyemjua, aibu inamrudia yeye mwenyewe, si binti."

Basi nikaanza kusoma. Duka lile lilikuwa la shirika la umma, mjini upande wa Posta, na mishahara yake haikuwa ya kutambia watu, lakini nani mwingine angenilipa nisome? Hapo ndipo nilipojifunza lugha ya kazi. Kitabu kina mgongo, ule upande mwembamba unaoonekana kinaposimama kwenye rafu. Ukitaka kiondoke haraka unakiweka uso, yaani jalada linamtazama mteja akiingia. Vitabu vya kiada ni vya darasani, na hivyo vinajiuza vyenyewe shule zinapofunguliwa. Mzazi anakuja na jina la kitabu, unampa, anaondoka. Vilivyobaki, vya mapenzi, vya mapishi, vya ufundi, vya biashara, tuliviita vya kujisomea. Hivyo ndivyo vinavyotaka mshenga.

Kisha zikaja zama za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Nyinyi mliozaliwa baadaye hamuwezi kuelewa raha ya kuona sabuni za rangi tatu dirishani, baada ya miaka ya kupanga foleni ya kipande kimoja. Kariakoo ikafurika: redio, mabeseni, viatu, mapazia yenye maua makubwa kuliko dirisha. Lakini mashirika yetu yakaanza kuumwa. Letu lilianza kwa kikohozi, mshahara kuchelewa, kisha likalazwa kabisa. Tukapunguzwa kazi. Meneja alirudi kwao Kisarawe kulima mihogo, na siku ya kuagana aliniambia neno moja tu: "Usikae nyumbani."

Sikukaa. Nilitembea mtaa kwa mtaa mpaka nikaingia kwa Kantibhai.

Duka lake lilikuwa Mtaa wa Uhuru, pale mji unapokwisha na Kariakoo inapoanza. Aliuza daftari, kalamu, wino na vitabu vya kiada. Alikuwa Mhindu wa makamo, akikaa fleti Upanga, mtu wa maneno machache na mashati meupe. Mke wake alikuwa amefariki muda mfupi kabla. Huyo mke ndiye aliyekuwa akikaa kaunta, na nafasi niliyopewa mimi ilikuwa ya kwake. Hakuna aliyeniambia hivyo siku ya kwanza, ila niliona jinsi Kantibhai alivyokuwa akiinua kichwa kutaka kusema jambo, ananikuta mimi, anarudi kwenye hesabu zake.

Nilimwomba rafu moja karibu na mlango kwa ajili ya vitabu vya kujisomea. Akakubali kwa kutikisa mkono, kama anayefukuza nzi.

Rafu ile ndiyo iliyonifundisha watu. Wakati ule kila mtu alitaka kitabu cha biashara, maana kila mtu alikuwa amepunguzwa kazi au anaogopa kupunguzwa. Vilikuja vingi vya kung'aa, vyenye mwanamume wa tai jaladani akionyesha meno. Kanuni yangu ilikuwa rahisi, na naiamini hadi leo: fungua utafute sura inayozungumzia hasara. Kama haipo, mwandishi hajawahi kuuza hata karanga. Rudisha.

Siku moja aliingia karani mmoja wa Magomeni, amepewa kiinua mgongo chake, anataka kitabu cha ufugaji wa kuku.

"Unawapenda kuku, kaka yangu?" nikamuuliza.

"Dada, siwapendi hata kidogo. Wananuka. Lakini watu wote wanafuga."

"Na hicho kilichoning'inia begani?"

Ilikuwa kamera kuukuu. Uso wake ukabadilika. Akanieleza habari za mwanga na vivuli mpaka wateja wengine wakaanza kukohoa nyuma yake. Nikampa kitabu cha upigaji picha kwa wanaojifunza. Sijui kama alitajirika. Najua alirudi kuulizia cha pili, na kile cha kwanza kilikuwa kimechakaa na kuingia madoa ya dawa za kusafishia picha. Vitabu vya mambo ya kujifurahisha, iwe mapishi, ushonaji au bustani, ubora wake unaujua hivyo: vinachafuka. Kitabu cha mapishi kikibaki safi mwaka mzima, kilikuwa pambo.

Vya mapenzi ndivyo vilivyohitaji adabu. Mwanamke mwenye heshima zake hakusimama mbele ya rafu akachagua hadithi ya mapenzi huku mtaa mzima unapita. Alikuja, akauliza bei ya daftari, akasubiri watu wapungue, kisha akasema kwa chini, "Una kipya?" Nami nilikifunga kwenye gazeti kama kilo ya samaki. Mteja wangu mkubwa alikuwa Mama Manka, Mchaga mwenye duka la jumla la vyombo vya plastiki Kariakoo, mwimbaji wa kwaya kanisani, sauti ya kuamuru wapagazi wanne kwa mpigo. Hadithi za mapenzi alizipenda hadi machozi, lakini hakuwa mjinga. "Usinipe za watu wa kuzimiazimia," alikuwa akisema. "Nipe za watu wanaofanya kazi." Na kweli, hadithi nzuri ya mapenzi ina watu wanaopika, wanaodaiwa kodi, wenye mashangazi.

Sasa ndipo balaa likaja, na lilitoka kwa huyohuyo Mama Manka. Alipata mzigo mkubwa wa chupa za chai na mabeseni, akamwambia Kantibhai: niachie sehemu ya mlangoni nipange bidhaa zangu, tugawane faida. Biashara yenyewe ilikuwa ya halali na ya maana. Kantibhai akaja kaunta.

"Zuhura, hii rafu tunatoa."

Nilihisi kama nimeambiwa nihame nyumba. Kuuza daftari ningeweza, lakini mtu yeyote anaweza kuuza daftari. Rafu ile ndiyo iliyokuwa kazi yangu; bila hiyo nilikuwa kitambaa cha vumbi tu. Nikamwambia yote hayo, na sauti ikanipanda. Nikamwambia kila mtu anayepita mlango ule ana kitabu chake, awe anajua au hajui.

"Kila mtu?" akauliza.

"Kila mtu."

"Na mimi?" Alinitazama kwa mara ya kwanza bila kumtafuta mtu mwingine nyuma yangu. "Mimi nimeuza vitabu toka kijana, sijawahi kumaliza hata kimoja. Nipe changu. Nikimaliza, rafu inabaki. Nisipomaliza, tunaweka chupa."

Wanangu, sikulala vizuri siku zile. Kumpa mfanyabiashara kitabu cha biashara ni kumpelekea mvuvi samaki. Nikafikiria cha bustani, maana alimwagilia mrehani wa marehemu mkewe uliokuwa kwenye chungu nyuma ya duka. Lakini mrehani ule alikuwa akiumwagilia kwa uchungu, si kwa kupenda bustani. Kitabu chake nilikijua tangu mwanzo. Ilikuwa hadithi ya fundi saa aliyefiwa na mkewe, na mwanamke jirani anayemletea saa ileile kila baada ya muda, mbovu tena. Msomaji anajua kwamba huyo mwanamke anaiharibu mwenyewe. Kama fundi naye anajua, hilo unasubiri mpaka mwisho.

Shida ni hii: mimi ni mke wa mtu, na yeye mwanamume aliyefiwa. Mwanamke kumkabidhi bosi wake hadithi ya mapenzi, mkono kwa mkono! Wapagazi wa Mtaa wa Uhuru wangemaliza maneno yote ya Kiswahili kabla ya adhuhuri. Mume wangu, Baba Salma, ni mpole, lakini ana dada zake. Na Kantibhai mwenyewe angenielewaje? Mshenga hajiposei.

Nikaenda Kariakoo kwa Mama Manka, nikamkuta katikati ya mabeseni.

"Karibu, dada Zuhura. Umeniletea yangu?"

"Nimeleta ya mwenzio. Nataka umpelekee Kantibhai, useme wewe umekisoma, na mimi nimeona kitamfaa."

Nikamweleza makubaliano. Akashika kiuno. "Yaani mimi Mchaga nikusaidie kuninyima sehemu ya kuuzia? Zuhura, umepatwa na nini leo?"

"Na rafu ikiondoka, utasoma nini? Maandishi ya chini ya beseni?"

Akanitazama, akatazama mzigo wake, akavuta pumzi ndefu. "Lete," akasema. "Wewe mwanamke una roho mbaya sana." Lakini alikuwa anacheka. Akakifunga kwenye gazeti yeye mwenyewe na kumpelekea mchana uleule. Nikiwa kaunta nilimsikia: "Kantibhai, mimi hiki kimeniliza. Zuhura anasema ni chako. Usikikalie."

Hakukikalia. Kiswahili cha kuzungumza alikuwa nacho tele, ila cha kusoma kilimwendea taratibu. Baada ya chakula cha mchana, duka likiwa limepoa, alikuwa akikaa nyuma ya meza yake, kidole kwenye mstari, midomo ikitembea. Wiki ya kwanza ikapita. Mara moja nikamsikia anacheka peke yake, akajisingizia kikohozi. Mzigo wa Mama Manka ukafika, ukarundikwa stoo kusubiri. Mimi nikawa namwona akifunua ukurasa, moyo unaruka; anafunga kitabu, moyo unashuka.

Kisha akaacha kusoma. Kitabu kikakaa mezani siku kadhaa, alama ya karatasi imechomoza karibu na mwisho, na yeye anashughulika na ankara. Nikaanza kuvipanga vitabu vyangu kwenye maboksi, maana afadhali nivitoe mwenyewe kuliko vitolewe na mtu mwingine.

Kantibhai akanikuta naviinamia.

"Sijamaliza," akasema.

"Naona, Kantibhai. Makubaliano ni makubaliano."

"Imebaki kurasa chache. Sitaki kuzisoma." Akatazama barabarani. "Jioni nikirudi Upanga hakuna mtu wa kuongea naye. Sasa nafikiria hawa wawili, na ile saa. Nikimaliza, nitarudi na nini?"

Machozi yalinijia nikageukia maboksi.

"Rudisha vitabu," akasema. "Chupa tutaning'iniza juu, kwenye dari."

Na ndivyo tulivyofanya. Mama Manka alikuja kuona bidhaa zake zikining'inia juu ya vichwa vya wateja, akatukana kidogo Kichaga, akanunua hadithi mbili. Chupa ziliuzika vizuri kuliko alivyotegemea, kwa kuwa anayeinua kichwa kutazama chupa hushusha macho yake mpaka kwenye vitabu, na anayekuja kwa vitabu hukumbuka kwamba nyumbani hana chupa.

Nilifanya kazi kwa Kantibhai mpaka nywele zangu zikawa nyeupe. Ninawashukuru wote: Meneja aliyenipa kitambaa badala ya hotuba, Mama Manka aliyejinyima sehemu akidai mimi ndiye mwenye roho mbaya, karani na kamera yake. Nyinyi mnaosoma kwenye simu siwalaumu. Simu nayo ni rafu. Ila mtafuteni mtu aliyesoma kabla yenu, mumuulize: mimi, hali yangu ni hii, nisome nini? Akikujibu bila kukutazama usoni, mwache.

Siku yangu ya mwisho kulikuwa na soda na keki, na wateja wa zamani walipita kuniaga. Walipoondoka, Kantibhai aliniita mezani kwake. Alikuwa mzee sana, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Akavuta mtoto wa meza, akatoa kile kitabu. Karatasi ya alama ilikuwa palepale.

"Sasa hata nikitaka, sioni," akasema. "Nisomee wewe."

Sote tulikuwa wazee. Hapakuwa na wa kutusema. Nikavuta kiti, nikavaa miwani, nikasoma kurasa zile polepole, na kelele za Kariakoo zikiingia mlangoni. Fundi saa alikuwa anajua tangu siku ya kwanza. Nilipofunga kitabu, Kantibhai alikuwa analia bila kujificha, na mimi pia.

"Ulinichagulia vizuri, Zuhura," akasema.