Wimbo wa Mama Noeli

Emiliana alimwibia Paskazia nyimbo zake, akazitia kitabuni, juu ya jalada akaandika jina lake mwenyewe. Hakuomba wala hakuaga.

Paskazia wa Mkonze hakusoma. Mashine ya kusaga iko jirani, lakini moyo ukimjaa huchota uwele, akapiga magoti mbele ya jiwe la kusagia alilorithi kwa mama yake. Kwao, mwanamke akiwa kwenye jiwe husema lolote, na mume haruhusiwi kujibu. Basi alimsema mumewe Ludovick, aliyemfuata mwanamke wa Mpwapwa. Alikisema kitanda, kipana kama mbuga ya kiangazi. Aliisema hamu ya mwili wake bila kuifunika nguo. Unga ulipanda kwenye mwanga wa mlangoni, naye akajiona anaelea humo, mwepesi, hana mume wala umri. Kila wimbo aliufunga kwa kujitaja, kama ilivyo desturi: "Ni mimi, mama Noeli, ninayesaga."

Emiliana, binti wa mdogo wake, alikuja likizo akamrekodi kwa simu.

"Mama mkubwa, huoni haya?"

"Haya ya nini? Jiwe halina masikio. Mwenye masikio ni wewe, tena marefu kama ya punda."

Wakacheka wote wawili.

Kitabu kilipotoka, Paskazia alialikwa kwenye uzinduzi mjini, akakalishwa nyuma. Emiliana alisoma kwa sauti tamu. Mistari ya kujitaja alikuwa ameifuta, isipokuwa mmoja, aliouacha kwa kuwa ulimpendeza. Akausoma: "Ni mimi, mama Noeli, ninayesaga."

Mwanamke mmoja wa mtaa wa Kikuyu palepale mjini, Sidonia, akapaza sauti: "We binti, hata kuolewa bado! Noeli umemtoa wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Nimembuni tu, mama."

"Kwenye jiwe habuniwi mtu. Anayejitaja ndiye anayesaga. Yuko wapi?"

Emiliana akamtazama mama yake mkubwa. Paskazia aliona kama unga unapanda tena, ukumbi mzima mweupe, watu wakififia, na ndani ya weupe ule akangoja jina lake litoke.

Emiliana akafunua ukurasa mwingine.

Paskazia bado anasaga. Ludovick amesharudi, huketi nje, husikia yote, hajibu. Yeye walau desturi anaishika. Anayedaiwa ni Emiliana: aje Mkonze mchana kweupe, apige magoti mbele ya jiwe, na wanawake wakimsikia amtaje mwenye nyimbo. Mpaka leo hajaja.