Rispah Anyoosha Dohani ya Sebuleni

Rispah Nekesa alipofika Riyadh mwaka 2015 alikuwa ameshafanya kazi ya mjengo miaka sita. Alianza Webuye kwa kubeba maji na kuchanganya simiti. Siku moja fundi mkuu akaumwa mgongo, akamwachia mwiko amalizie ukuta, na tangu hapo hakuna aliyemnyang'anya. Wakala wa ajira wa Nairobi alipomuuliza anajua kazi gani, Rispah alijibu kupiga plasta. Yule akatabasamu, akaandika: kupika, kufua, kulea watoto.

Akapelekwa kwa Ghalib na mkewe Wahida. Wazee wao walitoka Unguja mwaka 1964, na humo ndani Kiswahili kilikuwa hakijaisha. Hilo lilimsaidia sana Rispah, ambaye Kiarabu chake kilikuwa yalla, halas na mafi: haya, basi na hakuna.

Desemba ya pili, Ghalib alinunua jiko la kuni, la chuma, la kukaa sebuleni. Mama yake alikuwa anakuja kutoka Jeddah kukaa nao wiki kadhaa, na baridi ya Riyadh hakuizoea. Fundi akajenga dohani ya matofali kuzunguka bomba la moshi. Ikatoka vibaya, katikati imefura na upande wa kushoto umeingia ndani vidole viwili. Akaja fundi mwengine, akaificha kwa jasi. Moto ulipowashwa mara ya kwanza, jasi ikapasuka na kumwagika zuliani. Wote wawili wakaacha kupokea simu.

Rispah ndiye aliyefagia vile vipande. Alipomaliza, akaegemeza mpini wa ufagio ukutani kama rula, aone mwanga unapita wapi nyuma yake. Wahida akamkuta amefumba jicho moja.

"Unafanya nini, Rispah?"

"Naangalia pale palipotokeza, madam. Huu ukuta bado unaweza kunyooshwa. Jasi ndiyo haikufaa kwa moto."

"Umejuaje?"

"Ndiyo kazi yangu. Hii nyingine nimejifunza hapa kwenu."

Jioni Wahida akamweleza mumewe. Ghalib akamwita Rispah.

"Ukiharibu je?"

"Baba, imeshaharibika," Rispah akasema. "Lakini nikipiga plasta, siku hiyo sipiki."

Wahida akacheka, na mambo yakaisha hapo. Ghalib akaenda kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi ya Al-Sulay na orodha mfukoni: simiti, chokaa, mchanga, wavu wa chuma, mwiko, pima maji, kibao cha kusugulia. Aliporudi, Rispah alikuwa ameshabandua jasi yote na kuufunika mlango wa jikoni kwa shuka. Akaushika ule mwiko mpya, akaugeuza mkononi mara mbili.

Siku ya kwanza hakupaka kitu. Alichonga kwa tindo yale matofali yaliyochomoza, akaning'iniza timazi kutoka juu, akavuta uzi kuanzia kona hii hadi ile. Siku ya pili akalowesha ukuta, akajaza mashimo tu, akayachora kwa uma ili tabaka linalofuata lishike. Wahida alitaka kujua kwa nini hamalizi mara moja.

"Nikirundika yote leo, usiku itateremka kwa uzito wake, madam."

Siku ya tatu akafunga wavu, akachekecha mchanga kwa chekecheo la unga, Wahida akajifanya hakuona. Kisha akapanda ngazi na kuanza. Plasta ilitoka kwenye mwiko na kubaki ilikowekwa. Akapitisha ubao kutoka chini kwenda juu, akajaza palipobaki tupu, akaupitisha tena. Kuzunguka bomba akaacha nafasi kwa kipande cha katoni, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka na kusukuma kila kilicho karibu. Alasiri hiyo alisahau kula. Alikuwa anaimba, na watoto wa nyumba wamekaa kwenye ngazi za ghorofani wanamsikiliza.

Siku ya nne Ghalib akaja na kuni mkononi.

"Mafi moto, baba," Rispah akasema.

"Mama anafika wiki ijayo."

"Kwanza iachwe siku kumi, halafu moto mdogo mdogo. Ukiwasha leo, maji yaliyomo ndani yatatafuta njia ya kutokea."

Hakuwahi kumkatalia Ghalib jambo lolote. Alisimama pale, simiti imemkaukia mikononi, akangoja kufokewa. Ghalib akazirudisha kuni uani.

Kwa hiyo mama alifika dohani ikiwa bado kijivu na baridi, akakaa siku tatu amejifunika mablanketi mawili, ananung'unika. Siku ya nne Rispah akawasha vijiti vichache. Kesho yake akaongeza. Siku ya tatu ya moto akaweka magogo, jiko likanguruma, na wote wakakaa wanatazama ukuta badala ya moto. Karibu na dari ukatokea ufa mwembamba kama unywele. Rispah akapanda, akaweka kidole, akangoja. Ufa haukuongezeka.

"Nani kaupiga plasta?" mama akauliza.

"Rispah," Ghalib akasema.

Mama akamwita Rispah, akaishika mikono yake na kuipindua, akatazama viganja. "Hii mikono mnaitumia kuoshea vyombo?" akamuuliza mwanawe.

Mama alipoondoka Machi, aliomba Rispah amsindikize hadi Jeddah. Nyumba yake ya Al-Baghdadiyah ilikuwa ya zamani, na chumvi ya bahari ilikuwa imekula kuta za sebule. Wahida alikubali wiki tatu, zikawa sita. Rispah alimpigia simu dada yake Magdaline, akamtajia vyumba alivyopiga plasta, kimoja kimoja, kona kwa kona, mpaka Magdaline akamuuliza kama hana habari nyingine.

"Sina," Rispah akasema. "Kesho naanza dari."