Gari Aliloliinua Tuva

Saa nne asubuhi ya Jumapili. Theluji imeziba madirisha ya ghala la zamani la nguo mjini Norrköping, lakini ndani ni kelele tupu. Magari kumi ya rimoti, yasiyozidi urefu wa mkono wa mtoto, yanafukuzana juu ya zulia la kijivu. Stellan Wikdahl hayatazami. Ameinamia meza, bisibisi mdomoni, anajaza mafuta tone kwa tone kwenye shokapu fupi kama kidole.

"Mzee, umelala?" anafoka Gun-Britt, mwenyekiti wa klabu. "Mwenye gari atastaafu akikungoja!"

Stellan anaitoa bisibisi mdomoni. "Mwambie asiyejua kukata kona hana haraka."

Watu wanacheka. Gari si lake. Ana umri wa miaka 58, dereva wa lori la taka, na kwa miaka minane sasa anaunda na kutengeneza magari ya wenzake bila kushindana. Zamani seti moja ya tairi ilimlia mshahara wa siku nzima, na kuna kipupwe alichovaa buti zilizotoboka ili gari lake livae vizuri.

Ukimuuliza kwa nini aliacha, anasema mgongo.

"Mgongo gani!" Gun-Britt anadakia. "Mwambie mgeni wetu habari za Tuva."

Stellan anavuta kiti.

Tuva ni binti yake wa pekee. Mama yake aliishi mji mwingine; Tuva alikaa kwa baba, na Jumapili zilikuwa za baba na mwana. Alipofika miaka minane tayari alijua kulehemu nyaya. Wakati wenzake wanapaka bodi zao rangi za moto, yeye aliipaka yake madoa ya ng'ombe.

"Alikuwa ananishinda, na ananitania," anasema Stellan. "'Baba, unaendesha kama umebeba mayai.'"

Tuva alipokuwa na miaka kumi na mitano, walikwenda Västerås kwenye mashindano ya taifa. Kwa miaka mingi Stellan alikuwa ameota kuingia fainali, yenye nafasi kumi tu. Siku hiyo alikuwa wa kumi, na lilikuwa limebaki kundi moja la mwisho kukimbia.

Katika mchezo huu, waliomaliza mbio husimama kwenye kona na kuinua magari ya wenzao yanayopinduka. Tuva alikuwa kwenye kona. Gari la mtu pekee aliyeweza kumng'oa baba yake likapinduka miguuni pake. Kufumba na kufumbua, alikuwa amelirudisha kwenye magurudumu. Mwenye gari akampita Stellan kwenye orodha kwa tofauti ya muda isiyotosha kupiga chafya.

Stellan alimfuata binti yake mbele ya watu wote.

"Ungepungukiwa nini ukichelewa kidogo?"

"Baba, gari lilipinduka."

"Na mimi je? Wewe mtoto wa nani?"

Tuva alimtazama. "Si wewe uliyenifundisha? Gari likipinduka unainua, liwe la nani."

Akaiweka rimoti yake mezani. Hajaishika tena.

Njiani, Stellan alimnunulia soseji kwenye kituo cha mafuta. Msichana aliishika mkononi mpaka ikapoa, hakuila. Jumapili iliyofuata akasema ana kazi za shule. Na iliyofuata.

"Nilidhani hasira za mtoto ni kama theluji ya Aprili," anasema Stellan. "Nikasubiri ziyeyuke. Kumuomba radhi, wala! Mimi ndiye baba."

Mwaka uliofuata aliingia fainali. Akawa wa nne. Alipoteremka kwenye jukwaa la madereva aligeuka kutafuta wa kumwambia, na hakumwona. Hizo zikawa mbio zake za mwisho.

Leo Tuva ni fundi umeme Umeå, kaskazini ya mbali. Kwa miaka wamepigiana simu Krismasi na siku za kuzaliwa. "Umeå kuna theluji, Norrköping kuna theluji, haya kwaheri."

Vuli iliyopita Stellan alipiga simu siku isiyo na sikukuu. Akamwambia kwamba siku ile yeye Tuva alifanya sawa, na baba yake alikosea.

"Baba, imepita miaka tisa," Tuva alisema.

"Najua."

"Wiki ile yote nilikuwa nakungoja chumbani. Nilikuwa nasikia hatua zako mpaka mlangoni, halafu unarudi."

Kisha akakata simu.

"Ni kweli," anasema Stellan, akiyatazama mafuta kwenye vidole vyake. "Nilifika mlangoni. Mara kadhaa."

Baridi nzima hakusikia neno. Kisha, wiki mbili zilizopita, ukaja ujumbe: Pasaka njoo ukitaka. Ila tusizungumze magari.

Tiketi ya treni ameshakata. Gun-Britt anamuuliza, safari hii bila utani, watazungumza nini siku nne nzima.

Stellan anaokota bisibisi.

"Sijui," anasema. "Sijui hata anapenda kula nini siku hizi. Nitaanza kwa kumuuliza hilo."