Dada Yangu Mwenye Nywele Nyingi

Mama yangu alikuwa mtu wa maharage. Pale kwetu Heru Juu kila nyumba ililima maharage, ila yeye aliyashika kama mtu anayehesabu shanga. Asubuhi baada ya mavuno, ukungu ukiwa bado haujaondoka bondeni, alitandika mkeka uani akachambua: ya njano upande huu, mekundu upande ule, na yenye madoa kwenye ungo mdogo, maana hayo ndiyo ya mbegu.

Pembeni yake alikaa rafiki yake, niliyemwita mama mdogo ingawa hatukuwa na undugu wa damu. Alivuka kutoka Burundi akiwa msichana, akaishi kambini miaka mingi, kisha akaolewa kijijini kwetu. Kirundi chake na Kiha cha Mama vilisikilizana, lakini si maneno yote, na hayo machache yaliyogongana yaliwachekesha mpaka wakaacha kazi. Ninapoukumbuka utoto wangu, nasikia kwanza kicheko hicho.

Nikiwa kidato cha pili, mume wa mama mdogo alihamishia biashara yake Kibondo, naye akamfuata. Mama alibaki na ujauzito wa miezi saba na mkeka wa mtu mmoja. Mwezi wa tisa ulipotimia alijifungua mtoto mfu. Wazee walimzika nyuma ya migomba kabla Mama hajarudi kutoka zahanati. Hakukuwa na matanga. Walisema mtoto ambaye hakulia haliliwi. Wanawake waliokuja kumwona walimwambia, "Utapata mwingine," wakanywa chai, wakaondoka.

Baada ya hapo Mama aliamka kila siku lakini hakuinuka. Maharage yalikauka shambani mpaka maganda yakapasuka yenyewe. Nilimpikia ugali wa muhogo na dagaa, nikamwekea karibu na kitanda. "Weka tu, mwanangu," aliniambia, na jioni nilikikuta chakula kama nilivyokiacha. Wapo waliosema amekuwa mvivu. Wapo waliosema amerogwa. Mama mmoja wa kanisani alimwambia kwa upole kwamba huenda ameacha kumshukuru Mungu, na siku ile Mama aligeukia ukutani, hakuongea tena mpaka kesho yake. Baba hakuwa mtu mbaya. Alimchemshia maji ya kuoga, akayafikisha mlangoni, akaishia pale.

Niliomba simu ya jirani nikampigia mama mdogo. Barabara ya Kibondo ilikuwa bado ya vumbi wakati ule, na siku ya pili adhuhuri aliingia uani kwetu akiwa mwekundu mpaka kope. Hakunawa. Alikwenda moja kwa moja akaketi kitandani kwa Mama.

"Na mimi nililala hivi kambini," alisema. "Watu wakasema nimetupiwa kitu. Halafu akaja mama mmoja mshauri, akaniuliza nimepoteza nini. Hakuna aliyekuwa ameniuliza."

Alimsogelea Mama.

"Mtoto alikuwa wa kike au wa kiume, dada?"

Mama aligeuka kutoka ukutani.

"Wa kike," Mama alisema. "Alikuwa na nywele nyingi."

Ndivyo nilivyojua kwamba nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Mama alilia, mama mdogo akamshika mgongo, asimwambie anyamaze.

Baba aliporudi kutoka shambani, mama mdogo alimfuata nje.

"Shemeji, naomba niende naye Kibondo. Hospitalini kuna muuguzi wa afya ya akili."

"Mke wangu si kichaa."

"Sijasema kichaa. Nasema anaumwa."

Baba aliitazama mikono yake yenye udongo. "Basi nenda naye," alisema. "Mimi nimeshindwa."

Shule ilikuwa imefungwa, nikawasindikiza. Muuguzi alikuwa mwanamume mnene, mwenye sauti ya chini, na hakuwa na haraka. Alimuuliza Mama kuhusu usingizi, chakula, na kama amewahi kuwaza kufa. "Nimewaza," Mama alijibu, nami nikatazama sakafu. Muuguzi hakushtuka. Alimshukuru kwa kusema, akaendelea kuuliza. Hapo ndipo Mama alipoeleza kwamba hata bibi yangu, mama yake mzazi, alikuwa na misimu ya kujifungia ndani, watoto wakala kwa majirani.

"Huu ugonjwa unaitwa sonona," muuguzi alitueleza. "Hauji kwa njia moja. Kuna unaotembea katika ukoo. Kuna mwili unaobadilika baada ya kujifungua. Kuna msiba usioliliwa, na upweke. Kwako vimekutana vyote. Si dhambi, wala si uvivu."

Alimpa vidonge, akamwambia wiki za mwanzo ataona kama havifanyi kazi, asiache. Akamtaka arudi kila baada ya wiki mbili waongee. Mama alikaa kwa mama mdogo miezi miwili; mimi nilirudi nyumbani shule ilipofunguliwa. Wiki ya tatu hapakuwa na badiliko, akataka kurudi nyumbani. Wiki ya tano aliomba chumvi, akisema mboga imepooza.

Baba alikuja kumchukua. Muuguzi alimketisha, wakaongea wawili mlango ukiwa umefungwa, na sikuwahi kujua walisema nini. Nilichokiona ni kwamba walipofika nyumbani Baba alimpeleka Mama nyuma ya migomba. Alikuwa amepanga mawe kuzunguka mahali pale na kupalilia. Wakampa mtoto jina, tukaomba watatu.

Mama hakupona moja kwa moja. Mara mbili tangu wakati ule uzito huo wa moyo umerudi, lakini sasa anaujua mapema, anakwenda kliniki mwenyewe kabla haujamlaza.

Mimi nimebaki na hamu ya miezi ile ya Kibondo, ingawa ni ajabu kuikumbuka miezi ya ugonjwa hivyo. Siku za kliniki, kabla shule haijafunguliwa, tulitoka hospitalini tukapitia sokoni. Wao walitangulia polepole wameshikana mikono, mimi nyuma na mwavuli, na mama mdogo akisimama kila baada ya hatua chache kumsalimia mtu, ili Mama apumzike bila kuonekana amechoka.