Maumivu Yaliyohama

Persis alikuwa na jicho la kunasa uongo, na kwenye vilima vile vya majani chai juu ya Nyamira hakuna asiyelijua. Ukimwambia mbuzi wako hakuingia shambani kwake, atakutazama tu, kimya, mpaka ukiri mwenyewe. Watoto aliowafundisha kanisani siku ya Sabato walitubu kabla hajauliza. Hata Ogeto mumewe, akichelewa kurudi kutoka Keroka, hakujisumbua kutunga kisingizio.

Basi Lorna, binti yao wa darasa la nne, aliposema goti linamuuma na hawezi kwenda kuchuma majani, Persis alilikagua. Kweli, lilikuwa limevimba na lina joto. Haya, pumzika mwanangu. Akamkanda kwa maji moto. Lakini baada ya siku chache goti likawa zima kabisa, na sasa eti ni kifundo cha mguu. Kifundo kikatulia, kiwiko kikaanza.

"Lorna! Juzi ilikuwa mguu, leo mkono. Kesho itakuwa nini, nywele?"

"Inauma kweli, mama. Imehama."

"Imehama? Kwani maumivu iko na miguu?"

Jamani, wewe ungeamini? Njia ya mwongo ni fupi, Persis akasema, na mchelea mwana kulia hulia yeye. Akakata ufito kwenye ua akamchapa mtoto miguuni, miguu ile ile. "Nisikie tena unaumwa, utaniona!"

Hakusikia tena. Kila asubuhi isiyo ya shule Lorna alibeba kikapu chake akaingia shambani bila neno, na Persis akajisifu kwa jirani yake Nyanchoka kwamba dawa ya uvivu anayo. Homa ilipompanda mtoto, alimpa vidonge vya malaria vya dukani. Koo lililokuwa limemuuma wiki chache nyuma alishalisahau, maana lilipona kwa ndimu na maji ya chumvi.

Siku moja walikuwa wakipandisha majani kwenda kituo cha kupimia. Katikati ya mlima Lorna akaketi chini, njiani. Persis aligeuka na maneno makali tayari mdomoni. Kifua cha mtoto kilikuwa kinaruka chini ya sweta, pumzi inavutwa kama ya mtu aliyekimbizwa na mbwa, na hata hapo mtoto hakulalamika. Persis alitupa kikapu, majani yakamwagika, akambeba mgongoni hadi barabarani.

Hospitalini, daktari kijana aitwaye Nyabuto alisikiliza moyo wa Lorna kwa muda mrefu kuliko Persis alivyopenda.

"Lorna, umewahi kuumwa viungo? Magoti, vifundo?"

Mtoto akamtazama mamake. "Hapana."

Daktari akabonyeza kifundo taratibu. Machozi yakamjaa Lorna. "Hapa je?"

"Haiumi."

"Mama," daktari akasema, "moyo wake una sauti isiyofaa. Lazima nijue ilianzaje. Kama viungo havikuuma, itabidi nitafute kitu kingine."

Lo! Persis alitamani sakafu immeze. Angeweza kunyamaza, na nani angejua? Ila yeye mwenyewe, na mtoto.

"Anadanganya, daktari," akasema. "Anadanganya kwa sababu yangu. Ilianza goti, ikaenda kifundo, ikaenda kiwiko. Nilimchapa juu ya hiyo kuhama."

Daktari alivua miwani. "Hiyo kuhama ndiyo dalili yenyewe, mama. Aliumwa koo kabla?"

"Aliumwa. Ikaisha yenyewe."

"Koo huisha. Lakini mwili ukishapigana na vijidudu vile, wakati mwingine hugeuka ukapigana na viungo vyake wenyewe, na moyo pia. Ni homa ya rumatiki. Moyo wake umeguswa. Kiasi gani, kipimo kitatuambia. Atahitaji sindano ya penisilini kila mwezi, kwa miaka mingi, ili koo hilo lisimrudie."

"Ningemleta goti lilipovimba?"

"Ingekuwa bora. Siwezi kukudanganya."

Persis alilia pale pale, mbele ya wagonjwa wengine, bila kujifunika uso. Walipopewa kitanda wodini alipiga magoti kando yake.

"Nisamehe, mwanangu. Ulisema ukweli, mimi nikakupiga. Sitakugusa tena. Niambie tu, ni wapi panauma?"

Magoti yote mawili ya Lorna yalikuwa yamevimba sasa, Persis aliyaona kwa macho yake. Mtoto aliiangalia kwanza mikono ya mamake, mmoja, kisha mwingine. Halafu akajivuta polepole hadi upande wa ukutani.

"Hakuna mahali, mama," akasema. "Niko sawa."