Halbadiri Niliyojisomea

Watu wa bara hunicheka nikiwaambia niligonga mtu kwa pikipiki nikiwa nimelewa, kisiwani Pate. Hucheka mara mbili. Kwanza, Pate kuna barabara? Pili, Waislamu watupu, tembo ya mnazi yatoka wapi? Barabara ipo, ya mchanga, katikati ya mashamba. Na tembo ipo kwa anayeitafuta, nami nilikuwa mtafutaji hodari, mtu mzima ovyo.

Hapo Chundwa nilibeba abiria, na kwa kuwa Mungu alinijalia sauti, niliitwa kusoma kwenye kila maulidi na kila hitma. Alasiri nilipitia kwa mgema, nje ya mji, nikanywa, kisha nikatafuna iliki kuua harufu. Nilijiona mjanja.

Siku ya ajali nilikuwa natoka kwa mgema, jua kali na sina abiria. Nilisikia kishindo, nikageuka, nikaona leso nyekundu juu ya mchanga, na ndani ya leso mtu. Alikuwa mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, bibi aliyenifundisha alifu kwa kijiti. Uso wake ulikuwa umeelekea chini. Alikuwa akisema, "Ya Latifu, ya Latifu," polepole, kama anayehesabu. Nilisimama karibu naye kiasi cha kumsikia, kisha nikaondoka. Hilo ndilo ninaloona haya kulitaja hadi leo, kuliko hata ulevi.

Walimpeleka hospitali Amu, mjini Lamu, kwa boti, akarudi na mguu wenye plasta. Akasema hakumwona aliyemgonga. Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu ya kipumbavu. Sheria niliijua, polisi walitusomea barazani: ukiendesha umelewa ni faini, au jela, au vyote viwili, na leseni unanyang'anywa. Lakini siku zilikuwa zimepita, na pumzi yangu ya siku ile nani angeipima? Serikali nilikuwa nimeiponyoka.

Siku ya nane ndugu zake bibi wakaamua kusoma Halbadiri. Asiyeijua na aijue: husomwa majina ya watu wa Badiri, waliopigana vita pamoja na Mtume, nao hukabidhiwa aliyedhulumu. Huvimba tumbo, au hurukwa na akili, au hufa, na hakuna wakili. Wakatuma mtu kwangu. Walitaka sauti yangu.

Nikikataa, nimejitaja. Nikikubali, najilaani kwa kinywa changu. Nilikubali, kwa sababu mwoga hupenda kifo cha kesho kuliko aibu ya leo.

Tulisoma Ijumaa baada ya sala, wanaume saba, chetezo cha ubani katikati. Bibi alikuwa amelala chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Nilianza majina, wenzangu wakaitikia radhi za Mungu kwa kila mmoja. Kwenye jina la kumi au la kumi na moja nikasikia harufu ya tembo. Wallahi sikuwa nimeonja tone tangu siku ile. Ilitoka kinywani mwangu, na kila nikisoma ilizidi, hata ubani haukuifunika. Nikawatazama wenzangu. Hakuna aliyekunja pua. Nikaogopa kuvuta pumzi.

Tukafika kwenye dua. Mkubwa wao akaomba aliyevunja mguu huu naye avunjwe, asione kheri duniani wala akhera. Wote wakasema amin. Ulimi wangu ulikuwa mzito, haukunyanyuka.

Nyuma ya pazia bibi akasema, bila kupaza sauti, "Mmoja hakuitikia."

Kisha akaongeza, "Itikia, mwanangu."

"Ni mimi," nikasema. "Niliyekugonga ni mimi, na nilikuwa nimelewa."

Nilijipeleka polisi mwenyewe, nikafikishwa mahakamani Amu. Kosa la ulevi halikuwamo kwenye mashtaka, kwa kuwa hakuna aliyenipima. Nilishtakiwa kwa kuendesha ovyo na kumwacha majeruhi njiani. Nikamwambia hakimu nilikuwa nimelewa, akaniambia nijibu nililoulizwa. Nikapigwa faini, leseni ikafungiwa. Nilitoka na hasira, utadhani nimedhulumiwa mimi.

Nikaenda kumweleza bibi hukumu. Alisikiliza yote, akauliza kama nimemaliza.

"Mimi nalikujua palepale mchangani," akasema. "Tembo na iliki. Na siku ya kisomo ukaja unanuka vilevile."

Nikamwambia siku ile ya kisomo sikuwa nimekunywa.

"Najua. Ni mimi niliyewaambia wakwite usome wewe."

Nikamuuliza lililokuwa likinikosesha raha: kama ningesema amin siku ile, angefanya nini?

Alifunika mguu wake kwa leso. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ningeitikia nawe, laana ikupate," akasema. Kisha akaniambia nimsogezee mkongojo wake.