Nguo ya Ndege na Chuma Kilicho Ndani

Mwaka niliopata kazi ya ndege, Kisumu nzima ilikuwa inakula ugali wa manjano. Mahindi yale yalitoka ng'ambo kwa meli. Ukisonga, watoto wanalia, na wewe mwenyewe unakula ukiangalia kando. Hivyo ndivyo ninavyoukumbuka. Tarehe mtatafuta wenyewe, nyinyi mliosoma.

Mimi niliacha shule darasa la nne. Nilikuwa nashona sare za shule soko la Kibuye, cherehani ya miguu, na mshono wangu ulinyooka kuliko wa wanaume wote wa laini ile. Ninasema hivyo kwa sababu ni kweli. Siku moja Foremani wa karakana ya ndege akasimama mbele yangu, akachukua sketi ya mteja, akaivuta kwa nguvu zake zote. Haikuachia.

"Mama, unaweza kushona ndege?"

"Ina mwili, ina mikono. Lete vipimo," nikamwambia.

Laini nzima ilicheka. Kesho yake asubuhi nilikuwa karakana.

Wengi wenu hamjui kwamba ndege nyingi ndogo za viti viwili si bati mwili mzima. Ndani kuna mifupa ya mabomba membamba ya chuma, na juu yake ni kitambaa. Sisi tulikiita nguo. Ndege ambayo bado haijafunikwa tulisema iko uchi. Unaivalisha, unashona, unapiga pasi ili nguo ijikaze, kisha unapaka dawa, yaani rangi nzito yenye harufu ya kupasua kichwa, mpaka ukiigonga inalia kama ngoma. Kwenye bawa tulitumia sindano ndefu kama mkono wangu huu. Mmoja anasimama juu, mwenzake chini, uzi unapenya bawa lote, unazunguka ubavu, unapiga fundo, unasonga mbele. Fundo likilegea, upepo unapata pa kuingilia.

Mwaka wa pili tulikuwa na ndege ya gurudumu la nyuma. Ndege ya namna hiyo ikisimama, mkia ndio uko chini kabisa, kwa hiyo maji ya mvua na unyevu wa ziwa huteremkia huko na kula bomba polepole. Foremani alikuwa na haraka.

"Mama, funika mkia. Mimi nimeshaangalia."

Nikafunika. Siku tatu, mshono kama wa gauni la harusi. Akaja Injinia, mkubwa wake, mzee mfupi asiyepandisha sauti.

"Mama, chuma umekiona?"

"Nimekiona," nikasema.

Nilidanganya. Nilikuwa mgeni, na niliogopa kumwaibisha Foremani mbele ya mkubwa wake. Injinia akatoa kisu, akachana kazi yangu ya siku tatu. Akachukua msumari, akausukuma kwenye bomba kwa kidole gumba. Uliingia kama kwenye papai. Hakunifokea. Alinipa ule msumari niushike, akasema, "Kesho rubani alikuwa apande na mke wake." Akaenda zake. Foremani akahamishiwa stoo. Mimi nilibakizwa.

Baadaye nilipelekwa Nairobi miaka kadhaa, chini ya Injinia Mkuu aliyependa karatasi kuliko ndege, kisha nikarudishwa Kisumu. Meneja wa mwisho aliniambia ndege za nguo zimepungua, niende nikapumzike. Nikapumzika nyumbani mtaa wa Migosi, macho yakaanza ukungu, vidole vikabaki vizima.

Halafu mjukuu wangu Achieng akawa rubani. Nilitangaza kanisani mpaka mchungaji akaniomba nikae chini. Alitaka ndege yake mwenyewe, viti viwili, chake na cha mwanafunzi atakayemfundisha kuruka, bei ya mtu wa mshahara. Aliingoja miaka sita. Nilimwambia nimwambiavyo kila mtu anayenunua mara ya kwanza: usitazame rangi. Uliza imelala wapi, bandani au mvuani. Soma kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, injini imefanya kazi saa ngapi, nani aliifungua. Na uliza nani aliona mifupa kabla haijavalishwa.

Mwaka huu akapata moja, kwenye kiwanja cha nyasi upande wa Port Victoria. Mwenyewe ni Kapteni mstaafu. Ndege nyeupe, mstari wa buluu, inang'aa. Gurudumu la nyuma. Nilizunguka nikibonyeza nguo kwa kidole, nikigonga. Mshono mzuri ajabu.

"Nguo mpya hiyo, Mama," Kapteni akasema. "Ya mwaka jana."

"Achieng, kitabu kinasemaje?"

"Kinasema imevalishwa upya, Dani." Dani ni bibi, kwa Kijaluo.

"Na chuma?"

Akafunua, akafunua tena. "Hakijaandikwa."

Nikamgeukia Kapteni. "Kata hapa chini ya mkia, kiasi cha kiganja. Nitashona mwenyewe, bure, na hutaona kovu."

"Mama, unataka nimvue nguo mbele ya wageni?"

"Nimewavalisha wenzake maisha yangu yote. Hana kitu cha kunishtua."

Mafundi wake wakacheka. Yeye hakucheka. "Saa sita anakuja mtu kutoka Eldoret. Yeye hatachana ndege yangu. Amueni."

Achieng akanivuta kando. "Dani, injini nimeisikiliza, ni nzuri. Bei naiweza. Nguo umeishika. Ni mbaya?"

"Ni nzuri. Nzuri kuliko yangu. Hiyo ndiyo inaniogopesha."

"Basi sema ndiyo. Neno moja tu."

"Sijaona chuma. Sisemi ndiyo."

Aliniangalia kana kwamba nimemkanyaga. Akaenda, akapanda, akajifunga mkanda. "Mzunguko mmoja tu, ujionee," Kapteni akamwambia, na propela ikashika.

Sikufikiri. Nilikwenda nyuma, nikashika mkia kwa mikono miwili. Upepo ukanipokonya kitambaa cha kichwa. Nyasi zilinichapa macho. Kapteni alipiga kelele, "Mama, toka hapo! Una wazimu?" Injini ikapanda, mkia ukatetemeka mikononi mwangu, miguu yangu ikaanza kuburutwa. Nikakaza vidole. Nikaona kichwa cha Achieng kikigeuka.

Injini ikazimwa.

Alishuka, akamrudishia Kapteni ufunguo, akanipita bila kuniangalia. 

Sasa mnataka niwaambie ndege ile ilianguka. Haikuanguka. Mtu wa Eldoret aliichukua siku ileile na nasikia bado inaruka. Majirani wananiuliza, "Kwa hiyo ulikosea?" Sijui. Labda chuma kilikuwa kizima kama mfupa wa ng'ombe. Labda siku zake bado. Mimi sikuwahi kusema kimeoza. Nilisema sikukiona, na kwa kazi yangu hayo ni mambo mawili tofauti. Kama hilo linanifanya mzee mkaidi, niandikeni hivyo. Nimekaa na kimya cha mtoto yule msimu wote wa mvua, na kiliniuma kuliko magoti.

Jumapili iliyopita simu ikalia. Achieng amenitumia picha. Ndege ya njano, viti viwili bega kwa bega, nzuri mpaka nikafuta miwani.

Kisha akapiga. "Dani, mwenye ndege amekubali tuichane mkia. Lakini anataka kwanza useme ndiyo kwamba tutainunua, asije akachaniwa nguo bure."

"Sijaona chuma. Sisemi ndiyo."